Mashauri ya Bure na Bei Yake kwa Mtoto Mchanga

Katika nyumba nyingi za askari, iwe ni kambi ya jeshi au laini za polisi, mama anayejifungua mtoto wake wa kwanza hujikuta mbali na mama yake mzazi, mbali na mashangazi, na mbali na mkunga wa kijiji aliyemfahamu tangu utoto. Mume yuko lindoni, au amepelekwa mpakani. Jirani naye ana watoto wake wa kuwaangalia. Usiku wa manane mtoto analia, ananyonya kidogo, analala kidogo, kisha analia tena. Mama huyo siku hizi anayo simu mkononi. Huandika swali lake kwa maneno machache: mtoto halali, nifanye nini? Mara hiyo hiyo humjia makala yenye lugha tamu na picha ya mtoto mnene anayecheka.

Makala hiyo humweleza mambo mengi ambayo ni kweli. Humpongeza kwa kupata mtoto. Humwambia kwamba maziwa ya mama ndiyo bora kuliko yote. Kisha, polepole, humdokezea kwamba huenda maziwa yake hayatoshi, au kwamba mtoto ana gesi tumboni, au kwamba anahitaji kitu kizito cha kumshibisha usiku. Mwisho wa makala pana jina la maziwa ya unga. Mama hakuuliza habari za maziwa ya unga. Aliuliza habari za usingizi. Lakini aliyemjibu ni muuzaji wa maziwa.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yamtosha mtu anayekutana na mchuuzi sokoni, kwa sababu kila mwenye masikio anajua kwamba anayenadi anauza. Hatari huanza pale mchuuzi anapoacha kunadi na kuanza kufundisha. Hapo mnunuzi huweka chini ngao yake, na kumsikiliza kama mwanafunzi amsikilizavyo mwalimu. Yafaa basi kila familia ifahamu desturi hii ilianza vipi, imeleta madhara gani, na namna ya kujikinga nayo.

DESTURI YA ZAMANI

Kampuni kutoa mafundisho kwa ajili ya kuuza bidhaa si jambo la jana. Mwaka 1895 kampuni ya John Deere ya Marekani, inayotengeneza plau na zana nyingine za kilimo, ilianza kutoa jarida la wakulima liitwalo The Furrow. Mwaka 1900 kampuni ya Michelin ya Ufaransa, inayotengeneza mipira ya magari, ilianza kugawa bure kitabu cha kuwaongoza wenye magari: mahali pa kupata fundi, mahali pa kulala na namna ya kubadilisha gurudumu. Wakati huo magari yalikuwa machache sana katika nchi hiyo. Kampuni ilijua kwamba mtu akisafiri sana, mipira ya gari lake italika, naye atanunua mingine.

Mkulima wa Marekani na dereva wa Ufaransa hawakudhurika kwa mashauri hayo. Jina la kampuni lilikuwa wazi juu ya jalada, na kila mmoja aliweza kuyapima mashauri kwa macho yake mwenyewe. Plau mbaya huonekana shambani, na mpira mbaya huonekana barabarani.

Lakini palikuwa na njia nyingine iliyofichika zaidi. Kampuni zililipa magazeti ili yachapishe matangazo yao kama habari za kawaida, bila kumwambia msomaji kwamba maneno yale yamelipiwa. Jambo hilo liliwachukiza watu hata mwaka 1912 bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoyataka magazeti yanayosafirishwa kwa posta kuandika wazi neno “tangazo” juu ya maandishi yote yaliyolipiwa. Ni zaidi ya miaka 100 sasa tangu sheria hiyo ipitishwe, na mama aliye na simu mkononi bado anakutana na hila ile ile.

MAVAZI MEUPE

Katika biashara zote zilizotumia njia hii, hakuna iliyogusa uhai wa watu kama ile ya maziwa ya watoto wachanga. Mtoto mchanga hawezi kupima shauri lililotolewa kwa mama yake, wala hawezi kulikataa.

Mmoja wa watu wa kwanza kupiga kelele alikuwa Dakta Cicely Williams, mganga aliyezaliwa Jamaica. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na huko ndiko alikoeleza kitaalamu ugonjwa wa utapiamlo uitwao kwashiorkor. Baadaye alihamishiwa Malaya na Singapore. Huko aliona watoto wachanga wakidhoofika na kufa kwa kulishwa maziwa mazito ya mkebe yenye sukari nyingi, ambayo mama zao waliambiwa kuwa yanafaa. Mwaka 1939 alitoa hotuba huko Singapore na kuipa jina la “Maziwa na Mauaji”. Alisema kwamba propaganda potofu juu ya ulishaji wa watoto wachanga yapasa kuhesabiwa kuwa ni uuaji.

Onyo hilo halikuizuia biashara. Katika miaka ya 1960 na ya 1970, watoto waliozaliwa Ulaya na Marekani walianza kupungua, na kampuni za maziwa zikageukia masoko ya Afrika, Asia na visiwa vya Karibi. Hazikutegemea redio na mabango peke yake. Ziliajiri wanawake, zikawavika mavazi meupe kama ya wauguzi, zikawapeleka katika wodi za wazazi, katika kliniki na hata majumbani. Baadhi yao walikuwa wauguzi wenye cheti kweli, walioacha kazi ya serikali kwa sababu ya mshahara mzuri zaidi. Walimfundisha mama kumwogesha mtoto na kumfunga nepi. Walimwachia kijitabu cha malezi chenye picha nzuri, na pamoja na kijitabu mkebe mmoja wa maziwa, bure.

Mama hakuwa na njia ya kutambua kwamba vazi lile jeupe si la hospitali. Aliona nesi amesimama katika wodi ya serikali, na daktari akipita pembeni bila kusema neno, naye akaamini kwamba serikali na daktari wamekubali. Ujanja wa kampuni ulikuwa katika kuazima heshima ya watu wengine.

JINSI MKEBE WA BURE UNAVYODHURU

Msomaji aweza kuuliza: mkebe mmoja wa bure una ubaya gani? Jibu lake limo katika mwili wa mama wenyewe. Maziwa ya mama si kama maji ya pipa, ambayo yakiachwa hubaki pale pale yakingoja. Mwili huyatengeneza kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akinyonya mara nyingi, hutengenezwa mengi. Akinyonya mara chache, hupungua. Mtoto aliyeshibishwa kwa chupa haliombi titi. Mkebe wa bure unapokwisha, maziwa ya mama yamekwisha kupungua, na mama aliyekuwa na maziwa ya kutosha siku ya kwanza sasa analazimika kununua mkebe wa pili. Ule wa pili haugawiwi bure.

Hapo ndipo hesabu ya mshahara inapoingia. Mtoto wa miezi 3 mwenye uzito wa kilo 6 huhitaji karibu mililita 900 za maziwa kwa siku. Kwa kiasi hicho, mkebe wa gramu 400 hauchukui zaidi ya siku 3 au 4. Kwa mwezi mmoja itahitajika mikebe 8 au 9. Baba wa nyumba na aende dukani aulize bei ya mkebe mmoja, aizidishe kwa 9, kisha aulinganishe na mshahara wake jumla hiyo. Wala hajaongeza bei ya chupa, chuchu za mpira, sabuni, na kuni au mkaa wa kuchemshia maji.

Familia isiyoweza gharama hiyo haiachi mara moja kununua. Huanza kuyarefusha maziwa. Mkebe wa siku 3 hufanywa uwe wa wiki nzima, kwa kupunguza unga na kuzidisha maji. Chupa inaonekana nyeupe, mtoto ananyonya, tumbo linajaa, lakini chakula anachopata hakifikii hata nusu ya mahitaji yake. Anakonda polepole mbele ya macho ya wazazi wanaodhani wanamlisha.

Tena kuna maji. Mahali ambapo maji yanachotwa kisimani au mtoni, na chupa inaoshwa kwa maji hayo hayo, kila mlo hubeba vijidudu vya kuharisha. Hata unga wenyewe, ingawa umefungwa vizuri kiwandani, hauna uhakika wa kukosa vijidudu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaagiza uchanganywe na maji yaliyochemka na yasiyopungua joto la nyuzi 70. Na mtoto wa chupa hukosa kinga ambayo mwenzake huipata katika maziwa ya mama, hasa katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Akiharisha, hana akiba ya nguvu. Siku mbili za kuhara zaweza kumuua.

KABURI LA ZAMBIA NA KESI YA BERN

Mwezi Agosti 1973 jarida moja la Uingereza, New Internationalist, lilichapisha mazungumzo na madaktari wawili wa watoto, Ralph Hendrickse na David Morley, waliofanya kazi miaka mingi Nigeria. Walieleza waliyoyaona katika wodi. Jarida hilo lilionyesha pia picha ya kaburi la mtoto mchanga huko Zambia. Juu ya kaburi palikuwa na chupa ya kunyonyeshea na mkebe wa maziwa ya unga. Mama yake alikuwa amemwekea mtoto vitu vya thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Hakuwa na habari kwamba vitu vya aina hiyo ndivyo madaktari walivyokuwa wakivilalamikia.

Mwaka uliofuata, 1974, chama cha War on Want cha Uingereza kilitoa kijitabu cha mwandishi Mike Muller juu ya jambo hilo. Kikundi kimoja cha mjini Bern, Uswisi, kilikitafsiri kwa Kijerumani na kukipa jina jipya, lililosema waziwazi kwamba Nestlé inaua watoto. Kampuni ya Nestlé, ambayo makao yake makuu ni Vevey katika nchi hiyo hiyo, ilikishtaki kikundi hicho kwa kuikashifu.

Kesi ilimalizika mwaka 1976. Hakimu aliona kwamba jina la kijitabu lilivuka mipaka, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba kampuni ilikusudia kuua. Akawatoza washtakiwa 13 faini ndogo ya faranga 300 kila mmoja. Lakini hakuishia hapo. Aliiambia kampuni kwamba yaipasa kuzibadilisha kabisa njia zake za kutangaza bidhaa katika nchi maskini ikiwa haitaki kushutumiwa tena. Kampuni ilishinda kesi, lakini dunia nzima ilisikia maneno ya hakimu.

Tarehe 4 Julai 1977 wananchi wa Marekani walianza kuzisusia bidhaa za Nestlé, na susio hilo likaenea katika nchi nyingine. Mwaka 1978 Seneta Edward Kennedy aliziita kampuni za maziwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Alitaka kujua kama kampuni ina wajibu wowote pale bidhaa yake inapouzwa mahali pasipo na maji safi. Upande wa kampuni ulijibu kwamba maziwa ni mazuri yakitumiwa kwa kufuata maagizo, na kwamba kampuni haiwezi kubeba lawama ya hali ya maji. Jibu hilo lilikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini nesi wa bandia aliyetumwa wodini hakutumwa kwenda kukagua visima. Alitumwa kugawa mikebe.

KANUNI YA MWAKA 1981

Tarehe 21 Mei 1981, mjini Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama. Nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikupiga upande wowote, na nchi moja tu, Marekani, ilipinga.

Kanuni hiyo haikukataza maziwa ya unga. Ilikataza hila za kuyauza. Yasitangazwe kwa umma. Mama asipewe sampuli za bure. Mkebe usiwe na picha ya mtoto mchanga, nao uandikwe kwamba maziwa ya mama ndiyo bora. Watumishi wa kampuni wasimtafute mama mjamzito wala mama mwenye mtoto mchanga. Na katika kifungu cha 8 limo neno lenye uzito mkubwa kwa habari hii: watu walioajiriwa kuuza bidhaa hizo wasifanye, kama sehemu ya kazi yao, kazi ya kuwafundisha akina mama. Dunia ilikuwa imejifunza kwamba mwalimu na mchuuzi hawawezi kuvaa vazi moja.

Nestlé iliahidi kuifuata Kanuni, na susio likasimamishwa mwaka 1984. Likaanza tena mwaka 1988, waliolianzisha wakidai kwamba maziwa ya bure yalikuwa bado yakimiminwa katika hospitali. Nchi nyingi zimeigeuza Kanuni hiyo kuwa sheria zao. Hapa Uganda, kanuni za kudhibiti uuzaji wa vyakula vya watoto wachanga na watoto wadogo ziliwekwa mwaka 1997. Nchi jirani ya Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2012.

NESI WA MKONONI

Sheria hizo zilimtoa nesi wa bandia wodini. Hazikumtoa duniani. Sasa amehamia katika simu, na humo hahitaji hata vazi jeupe.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mbili juu ya jambo hili. Katika ya kwanza, lililoshirikiana na UNICEF, wazazi na wajawazito 8,500 pamoja na watumishi wa afya 300 waliulizwa maswali katika nchi 8, zikiwemo Nigeria, Morocco na Afrika Kusini. Zaidi ya nusu ya wazazi na wajawazito walisema kwamba walikuwa wamefikiwa na matangazo ya kampuni za maziwa. Taarifa ya pili iliangalia mitandao ya intaneti. Ilionyesha kwamba kampuni hizo hutoa habari katika mitandao ya kijamii karibu mara 90 kila siku, zikiwafikia watumiaji milioni 229. Njia zilizotajwa ni programu za simu, vikundi vya akina mama vinavyoendeshwa na kampuni, mashindano ya zawadi, watu mashuhuri wanaolipwa ili wasifu bidhaa, na huduma za mashauri ya malezi.

Yafaa kufahamu namna mtego huo unavyotegwa. Mama mjamzito huombwa kujiandikisha ili apate mashauri ya bure. Huandika jina, namba ya simu na tarehe anayotazamia kujifungua. Tangu siku hiyo kampuni inajua mimba ina wiki ngapi, na baadaye inajua mtoto ana siku ngapi. Ujumbe humfikia kwa wakati wake: wiki ambayo mtoto hulia zaidi, mwezi ambao mama hurudi kazini. Nesi wa mwaka 1970 aliweza kutembelea nyumba chache kwa siku. Huyu wa leo hutembelea nyumba milioni kwa usiku mmoja, na kila mama hudhani kwamba anazungumziwa peke yake.

Silaha yake kubwa ni wasiwasi wa mama. Mtoto mchanga kuamka usiku, kulia jioni, kucheua maziwa kidogo na kutaka titi mara 8 hadi 12 katika usiku na mchana mmoja ni hali ya kawaida, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama huyeyuka upesi. Makala ya muuzaji huyachukua mambo haya ya kawaida na kuyafanya yaonekane kuwa maradhi, kisha hutaja dawa yake, nayo ni bidhaa fulani. Hakuna uongo ulio wazi ndani yake ambao mtu angeweza kuukamata. Sentensi kumi za kweli hutangulia ili kuibeba ya kumi na moja.

Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zidhibiti matangazo ya namna hii katika intaneti. Lakini azimio la Geneva halifiki upesi katika chumba cha mama aliye macho usiku wa manane. Hapo lazima ajilinde mwenyewe, kwa msaada wa mumewe na jirani zake.

SHULE YA MULAGO

Uganda haina upungufu wa mashauri mema. Dakta Derrick Jelliffe, aliyekuja kuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa biashara hii ulimwenguni, alikuwa profesa wa afya ya watoto huko Makerere katika miaka ya mwanzo ya 1960. Baadaye alibuni jina maalumu la utapiamlo unaosababishwa na biashara. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 kilianzishwa katika hospitali ya Mulago kituo cha lishe cha Mwanamugimu. Jina hilo limetokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Mama aliyeletwa na mtoto mwenye utapiamlo hakupewa dawa akaambiwa aende zake. Alifundishwa kupika kitobero, mchanganyiko wa vyakula vya shambani kama ndizi, maharage, karanga na samaki, kwa ajili ya mtoto aliyekwisha timiza umri wa kula. Waliomfundisha hawakuwa na mkebe wa kumuuzia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mwalimu na mchuuzi.

MAMBO YA KUFUATA

Kwanza, kabla ya kuamini makala yoyote ya malezi, mama na atazame mwisho wake na juu yake. Ni nani aliyeiandika? Ni nani anayeimiliki tovuti au programu hiyo? Kama jina la bidhaa limo, au kama kuna alama ya kampuni hata iwe ndogo kama punje ya mtama, ayasome maneno hayo kama anavyomsikiliza mchuuzi wa sokoni.

Pili, asitoe tarehe ya kujifungua wala namba ya simu kwa mtu asiyemjua kwa sababu tu ameahidiwa zawadi au mashauri ya bure. Askari hufundishwa kutotoa habari za kikosi chake kwa mgeni. Habari za mtoto wake zastahili ulinzi huo huo.

Tatu, mama asipime maziwa yake kwa kilio cha mtoto. Apime kwa mkojo na kwa mizani. Baada ya siku 5 za kwanza, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake unapanda katika kadi ya kliniki, anapata maziwa ya kutosha. Kama uzito haupandi, shauri litafutwe kwa mkunga au muuguzi wa zahanati, uso kwa uso.

Nne, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Kisha aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Mama askari anayerudi kazini aweza kuyakamua maziwa katika chombo safi chenye kifuniko, akayaacha mahali penye ubaridi, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe kidogo. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa. Mama mwenye virusi vya Ukimwi asiamue kwa kusoma simu. Afuate maagizo ya kliniki yake na ameze dawa zake bila kukosa, kwa maana dawa hizo huwawezesha akina mama wengi kunyonyesha kwa usalama.

Tano, pana watoto ambao kweli wanahitaji maziwa ya unga: yule aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake ana ugonjwa ambao daktari ameona unazuia kunyonyesha. Kwao maziwa hayo ni msaada mkubwa, na familia isione haya. Lakini uamuzi huo utolewe na mtumishi wa afya asiyelipwa na kampuni. Maji yachemshwe, kipimo cha unga kisipunguzwe hata kijiko kimoja, na maziwa yaliyobaki baada ya saa 2 yamwagwe.

Mwisho, akina baba wasidhani kwamba habari hii ni ya jikoni tu. Mke aliyeachwa peke yake na simu usiku wa manane ndiye mnunuzi anayetafutwa na kampuni. Mume anayeamka akambeba mtoto kwa nusu saa ili mama apate usingizi, anayempelekea uji na maji ya kunywa, na anayemwambia kwamba maziwa yake yanatosha, amefanya kazi ambayo hakuna makala ya bure iwezayo kuifanya. Na asubuhi, kama wasiwasi bado upo, mlango wa zahanati uko wazi, na mzani wa kumpimia mtoto hauna bidhaa ya kuuza.